Kivuli Kilichohamia kwa Bi Tausi

Enzi zetu, sie watoto wa Mtoni, saa sita ya mchana hatukuisoma ukutani wala mkononi. Tuliisoma miguuni. Ukiona kivuli chako kimejikunja chini yako kama paka aliyeshiba, unajua mama yuko karibu kuita, na ukichelewa kuitikia jina, utaitikia kofi. Leo wajukuu zangu hapa Tegeta wana saa kwenye simu, saa kwenye runinga, hadi jiko la umeme lina saa, na bado chakula kinapoa mezani kikiwasubiri.

Na jua lenyewe mnalolilalamikia siku hizi, nyie mliozaliwa na kukulia kwenye viyoyozi, mngeliona lile la Mtoni. Mchanga ulikuwa unakaanga nyayo. Viatu vilikuwa vya Idi au vya Krismasi, kutegemea umezaliwa nyumba gani. Siku nyingine ni miguu yako na Mungu wako. Kutumwa dukani ilikuwa safari ya kuruka kutoka kivuli hadi kivuli: kivuli cha mnazi, kivuli cha choo cha jirani, kivuli cha punda wa muuza maji kama una bahati. Mwenzangu wa umri wangu anajua ninachosema. Unajibanza ubavuni kwa punda, punda akisogea nawe unasogea, mnakwenda hivyo hivyo mkiongozana, mpaka unashtuka umefika Mtongani na chumvi uliyotumwa hujainunua.

Nimeanza na vivuli makusudi. Ninachotaka kusimulia ni kivuli kimoja ambacho nusura kituondoe mjini.

Mama yangu aliitwa Zuhura, ila mtaani walimwita Mama Mwaju kwa ajili yangu mie, Mwajuma. Baba alitangulia mbele ya haki nikiwa bado nabebwa mgongoni, mama akawa anapika wali na kuuza. Wateja wake walikuwa wabeba mizigo, mafundi gereji na mafundi seremala wa Barabara ya Kilwa. Sasa mtu aliyebeba magunia toka alfajiri hali wali juani hata ukimpikia na nazi mbili. Anataka kivuli kwanza, wali baadaye. Na mama hakuwa na banda wala turubai. Alikuwa na mikeka, jiko, masufuria na mdomo. Aliniambia wazi kabisa: "Biashara hii ikifa, tunafunga mizigo tunarudi Kisarawe kwa bibi yako, ukafukuze ndege mpungani. Shule utaisikia redioni."

Shule yenyewe, niseme ukweli, sikuwa naipenda kiasi hicho, na baadaye niliiacha mwenyewe bila kufukuzwa na mtu. Lakini huko Kisarawe kwa bibi hakukuwa na mtu wa kucheza naye pia. Hapo ndipo roho iliponiuma.

Maana pia ndiyo ilikuwa dini yangu ya pili. Vijana wa leo ukiwaambia pia wanadhani unataka kuongeza neno. Pia ni kijiti kilichochongwa kama yai lenye ncha. Unakizungushia uzi wa katani, unakifyatua, kinazunguka mchangani, halafu unakichapa kwa kamba kisilale. Za wenzangu zilikuwa za mti wa mpera. Yangu ilikuwa ya mpingo, nilichongewa na jirani yetu Mmakonde mchonga vinyago, kwa kipande kilichobaki alipomaliza kuchonga mzee mwenye meno. Ilikuwa nyeusi, nzito, na kichwani ina kijiti kirefu kidogo kama kishungi. Ikizunguka inavuma. Kazi ya kuchapa pia ilikuwa ya watoto wa kiume, na mama alikuwa akiniona ananung'unika: "Mtoto wa kike unachapa pia, utaolewa na nani wewe?" Niliolewa, tena mara mbili, kwa hiyo pia haikuzuia kitu. Mume wa kwanza ndiye angezuiwa.

Nirudi kwenye kivuli.

Mtaani kwetu kulikuwa na Mzee Kibao, balozi wetu wa nyumba kumi. Alikuwa mtu wa kauli. Akishasema kitu, hata akigundua kuwa amekosea, hakirudishi. Anakaa nacho kama mtu aliyenunua kiatu kidogo na anaona aibu kukivua. Alianza kujenga ghorofa, akafika ukuta mmoja, akaishia hapo. Ukawa ukuta wa ghorofa lisilo na ghorofa, mrefu kuliko nyumba zote, umesimama peke yake kutoka mawio kwenda machweo. Upande mmoja ulitazama Mbagala, kusini. Upande wa pili ulitazama mjini, kaskazini.

Upande wa mjini alikuwa anauza Bi Tausi, Mnyamwezi wa Tabora, mpika maharage na samaki wa kukaanga. Sie Wazaramo. Wenye akili zenu mmeshaelewa: Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na mtani ana ruhusa ya kukutukana mchana kweupe, kukunyang'anya kitu mkononi, hata kuja kwenye msiba wako na kumcheka maiti, nawe huruhusiwi kukasirika. Mama na Bi Tausi walianza asubuhi kabla ya moto kushika.

"Nyie mlikuja pwani kubeba mizigo, mkasahau njia ya kurudi," mama anarusha juu ya ukuta.

"Tulitaka kurudi," Bi Tausi anarudisha, "tukawakuta mmelala njiani, tukaona tusiwakanyage."

Wateja wanacheka, wanakula wa huku, kesho wanakula wa kule. Maisha yanakwenda.

Ule mwaka ninaousema, mama alikwenda kwa Mzee Kibao wakati wa kipupwe, Julai, baridi ya Dar ile ambayo mtu wa Iringa anaiita joto. Kivuli cha ukuta mchana kilikuwa kimemwagika upande wa Mbagala, kipana, mikeka yote inaenea. Mama, ambaye mpaka hapo aliuza juani hatua chache nyuma ya ukuta, akaomba akae pale. Mzee Kibao akatoa kauli mbele ya watu: "Kivuli cha ukuta wangu nimempa Mama Mwaju. Upande wa mjini unabaki wa Tausi. Nimemaliza." Wote wakashukuru. Bi Tausi alikuwa anapigwa jua kule, lakini alifunga kanga zake kwenye fito, na jua la kipupwe ni la kuota tu. Hakuna aliyeona kosa. Na kosa ndilo hilo hapo, limekaa katikati ya kauli kama mwiba wa samaki: mmoja kapewa kivuli, mwingine kapewa upande.

Agosti kivuli kikaanza kupungua. Mkeka wa nje ukapigwa jua. Mama akausogeza. Septemba wateja wanakula wamebana migongo ukutani kama watu wanaopigwa picha ya polisi. Oktoba ilipoingia, saa sita na kidogo, kivuli hakipo. Nakwambia hakipo. Ukuta mrefu vile, umesimama juani na hauna kivuli hata cha kumstiri kuku. Wateja wakasimama na sahani zao, wakatazama chini, wakatazama juu, wakaondoka.

Mama hakusoma shule hata siku moja, ila alikuwa mwepesi wa kupata jibu. Akazunguka ukuta, akamkuta Bi Tausi anageuza samaki.

"Tausi, rudisha kivuli changu."

"Kivuli gani?"

"Hicho unachokivuta kidogo kidogo na dawa zenu za Tabora."

"Mzaramo wewe, ningekuwa na dawa ya kuvuta ningevuta kivuli? Ningevuta mume."

Watu wakacheka, mama naye akacheka, ule ulikuwa bado utani. Lakini Novemba, kivuli kikatokeza upande wa Bi Tausi. Kwanza kama utepe chini ya ukuta, kisha kama kanga, kisha kama mkeka. Bi Tausi akafungua kanga zake kwenye fito, akakaa, akanyoosha miguu. Na mama, siku hiyo nilikuwepo nimebeba kipepeo cha kupepea moto, akajitwika jiko kichwani likiwa bado na majivu ya moto, akavuka.

"Nilipewa kivuli," akasema. "Kimehamia huku, nami nimekifuata."

"Nami nilipewa upande," Bi Tausi akasema. "Kivuli kimekuja kwangu chenyewe. Sikukiita."

Mama akatua jiko. Bi Tausi akalisogeza. Mama akalirudisha. Hakuna aliyetukana. Mama hakumwita mbeba mizigo, Bi Tausi hakumwita mlala njiani, na hapo ndipo mtaa mzima ulipojua kuwa wamegombana. Watani wakikaa kimya, jirani anafunga duka. Wiki ile nilikula wali usiouzika mpaka leo wali wa kiporo nikiuona naukumbuka ukuta, na jioni nikamsikia mama anamuuliza mtu nauli ya Kisarawe.

Kesi ikaenda kwa balozi, yaani kwa Mzee Kibao, yaani kesi ya kauli ya Mzee Kibao ikaamuliwe na Mzee Kibao. Akaja mchana pale ukutani, kitambi kimemtangulia, akakalia benchi la Bi Tausi, akasikiliza.

"Kwa mujibu wa kauli yangu," akasema, "wote mna haki. Kwa hiyo mmoja aondoke."

Watu wakaguna.

"Swali ni moja tu," akaendelea. "Hiki kivuli kimehama moja kwa moja, au kimekwenda matembezi? Kama kimehama moja kwa moja, Mama Mwaju upande wake umekufa, ajitafutie pengine. Kama kinarudi, ni neno lingine. Mwalimu, wewe unasemaje?"

Mwalimu alikuwa Mwalimu Deo, mtu wa Bukoba, mwembamba, mpole, anatufundisha shuleni na anakula wali wa mama kila mchana. Shuleni alikuwa akitupanga mstari uwanjani, huyu jua, huyu dunia, tunazungushana mpaka jua linatapika. Na alishawahi kumwambia mama kuwa ipo sayari inaitwa Zuhura, ile inayong'aa alfajiri. Mama alitembea wiki nzima kama amepimiwa kiwanja huko juu. Bi Tausi akauliza ya Tausi iko wapi, akaambiwa haijapatikana. Akasema waendelee kutafuta.

Sasa Mwalimu Deo akasimama, akatazama huku na huku, akaniona mie.

"Mwajuma, lete hiyo pia yako."

Nikaitoa kwenye pindo la gauni. Mama akanitazama kwa jicho la tutaonana nyumbani, maana alidhani nimeiacha.

Mwalimu akachukua chaki mfukoni, akaweka nukta kwenye pia, chini kidogo ya kiuno chake. "Hapa ni Mtoni," akasema. Watu wakasogea kuiona Mtoni. Akaelekeza kwenye jiko la mama, lililokuwa katikati ya uwanja na sufuria ya wali juu yake. "Lile ni jua."

"Jua lina wali," Bi Tausi akasema.

"Ndiyo jua letu," mama akajibu bila kumtazama.

Mwalimu akaishika pia imeinama, haikusimama wima, kile kishungi cha kichwani kimelalia upande wa mjini. "Dunia inajizungusha yenyewe kama pia, mchana na usiku. Na huku inajizungusha, inatembea kulizunguka jua, mwaka mzima ndiyo inafunga mzunguko. Lakini haikusimama wima. Imeinama hivi. Na popote ilipo njiani, kichwa chake kinatazama kule kule. Angalieni kichwa, msiniangalie mie."

Kumwangalia yeye ndiko kulikonoga. Alianza kulizunguka jiko polepole, ameshika pia kwa vidole viwili, amevaa suruali yake ya kazi, moshi unamfuata kila anakokwenda. Akasimama upande wa Mbagala wa jiko. Kichwa cha pia kinatazama mjini, kwa hiyo kimeuinamia moto.

"Hapa ni Juni, Julai. Moto unaipiga nukta yetu kutoka upande wa kichwani. Kivuli kinaangukia wapi?"

"Upande wa Mbagala," tukajibu watoto kwa sauti ya darasani.

Akaendelea kuzunguka. Upande mmoja wa jiko makaa yalikuwa yamemwagika, akafika pale akaharakisha miguu kama mtu aliyeitwa. Watu wakacheka. Yeye hakuona haya. "Hata dunia ni hivyo hivyo," akasema. "Njia yake si duara kamili, imebonyea kidogo. Januari inakuwa karibu na jua kuliko miezi mingine, na ikiwa karibu huongeza mwendo."

"Ndiyo maana Januari tunaungua," Mzee Kibao akasema.

"Hapana mzee, ukaribu huo ni mdogo. Januari hiyo hiyo Ulaya wanatetemeka. Kinacholeta joto na baridi ni huku kuinama."

Akafika upande wa mjini wa jiko. Pia ile ile, kichwa kile kile, bado kinatazama mjini, lakini sasa kimeupa moto kisogo, na mguu wa pia ndio umeuelekea. "Hapa ni Desemba. Moto unatujia kutoka upande wa miguuni. Kivuli?"

Kila mtu alikuwa amegeuka anautazama ukuta, na kile kivuli upande wa mjini, kimelala miguuni kwa Bi Tausi, kimetulia kama kimetumwa na mtu. Niliuona ukuta ule kila siku ya Mungu, na pia ile nilikuwa nayo kwenye pindo, na sikujua kuwa nimebeba humo kesi ya mama yangu.

"Kwa hiyo kinarudi," mama akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kinarudi, Mama Mwaju. Machi ikiingia kitapotea tena siku chache, halafu kitarudi upande wako. Kila mwaka."

Mama akashusha pumzi. Na hapo mie, mdomo wangu huu ambao mpaka leo unaniponza, nikanyoosha kidole kama darasani.

"Mwalimu, mbona pia ikizunguka, kichwa hakitulii? Kinalewa. Kinazunguka zunguka. Dunia yenyewe hailewi?"

Mama alinitazama, na kama macho yangekuwa na mikono ningeshakuwa Kisarawe.

Mwalimu Deo akatabasamu taratibu. Akaniambia nizungushe. Nikafunga uzi, nikafyatua, pia ikasimama mchangani inavuma. Kisha ikaanza kuchoka, na kishungi chake kikaanza kuchora duara hewani, kama mzee aliyetoka kilabuni anaitafuta nyumba.

"Inalewa," Mwalimu akasema. "Na dunia nayo inalewa."

"Ahaa," Mzee Kibao akasema. "Kumbe haina msimamo."

"Sikiliza mzee. Pia inalewa kwa sababu uzito unaivuta ianguke, nayo kwa kuwa inazunguka inakataa kuanguka, basi kichwa kinaishia kuchora duara. Dunia imevimba kidogo kiunoni, ina kitambi," akasita, akatazama pembeni kwa adabu, "na jua na mwezi vinakivuta hicho kitambi. Kwa hiyo kichwa cha dunia nacho kinachora duara lake angani. Leo juu ya kichwa hicho kuna nyota, watu wa kaskazini wanaiona, sie huku imejificha. Huko mbele kitatazama nyota nyingine."

"Huko mbele lini?" mama akauliza. "Mwaka kesho?"

"Duara moja ni miaka kama elfu ishirini na sita."

Mama akafikiri. Nadhani alikuwa anawapanga wateja wake. "Na kivuli changu?"

"Hata ikilewa vipi, mama, bado imeinama. Madhali imeinama, kivuli kitakwenda na kitarudi."

Mzee Kibao akapiga paja. "Basi. Miezi ya kivuli upande wa Mbagala ni ya Mama Mwaju. Miezi ya upande wa mjini ni ya Tausi. Na kauli hii itasimama mpaka dunia imalize kulewa. Nimemaliza."

Watu wakapiga makofi. Mama hakupiga. Alikuwa anatazama jiko lake, wali umeshashika ukoko, harufu imesambaa. "Nimesikia," akasema. "Na hiyo miezi mingine, mie na Mwaju tunakula nini?"

Mwalimu alijua mambo ya angani, hilo lilikuwa la chini. Mzee Kibao alikuwa ameshamaliza, na akimaliza amemaliza. Mie nikaanza kuwaona ndege wa Kisarawe.

Basi Bi Tausi akainuka. Akajifunga kanga kiunoni, akaenda moja kwa moja kwenye sufuria ya mama, akachomoa mwiko uliokuwa ndani, akarudi nao kivulini kwake, akaukalia.

"Mie mtani wako," akasema. "Nimechukua mwiko. Mtani haulizwi."

"Tausi, wali unaungua."

"Uungue. Unataka mwiko wako, uko huku. Njoo na sufuria yako, upikie hapa. Na Machi kivuli kikihama, utanikuta nimekaa kule kwako na maharage yangu, na ole wako unifukuze, mlala njiani wewe."

Mama akasema, "Mbeba mizigo, beba hilo jiko basi, si ndiyo kazi yenu." Na tusi lilikuwa tusi. Mtaa mzima ulishusha pumzi. Wamepona.

Toka siku hiyo wakawa wanahama pamoja. Wali wa Mzaramo, maharage na samaki wa Mnyamwezi, sahani moja. Wateja wakaongezeka, mpaka wa gereji za Tandika wakawa wanavuka barabara. Kauli ya Mzee Kibao haikubadilishwa, iliachwa pale pale kama ukuta wake, watu wakapita pembeni.

Lakini kitu ambacho sitakisahau mie ni zile siku za katikati, Oktoba ikiingia na Machi ikiingia, ambapo saa sita na kidogo ukuta hauna kivuli upande wowote. Siku hizo hawauzi. Walikuwa wanapika ndani ya ua wetu, wanawaita watoto wote wa mtaa, wetu na wao na wasiojulikana, tunalishwa kwenye sinia. Kabla ya kula lazima tusimame uwanjani, tuchungulie miguuni tuhakikishe vivuli vyetu vimepotea kweli. Aliyebakiwa na kivuli hata kidogo anaambiwa asubiri. Tulikuwa tunajikunyata, tunabana masikio, tunavuta matumbo, ili kivuli kiishe tule. Wali wa nazi, ukoko tunaugombania, mchuzi unatiririka mpaka kwenye kiwiko na unauramba huko huko. Bi Tausi anapita na samaki, anasema, "Kuleni, leo jua halina upande." Watoto wa leo wanafanyiwa sherehe ya kuzaliwa na mtu wa kuwapaka rangi usoni, na wanalia. Sie tulifanyiwa sherehe ya dunia kufika mahali fulani njiani, na hatukumlipa mtu.

Sasa wote wamekwenda. Mwalimu Deo, Mzee Kibao, mama, na Bi Tausi wa mwisho, ambaye kwenye msiba wa mama alikuja akauliza maiti ana haraka gani, kisha akakaa chini akalia kuliko sie. Ukuta ulibomolewa, pale pana ghorofa lenye ghorofa, na linamwaga kivuli chake juu ya magari bila ya mtu kukigombania. Mie binti yangu kanileta huku Tegeta, nyumba ina geti, ina ukuta pande zote, na ukitaka kivuli unaingia ndani unabonyeza kidude. Tena huku mjini kuko kusini na Bagamoyo ndiyo kaskazini, ikanichukua muda kuacha kugeuka vibaya wakati wa kupanga kichwani mikeka ambayo siitandiki tena.

Mjukuu wangu Nasra yuko kidato cha pili. Juzi, Oktoba hii, alikuwa sebuleni ananionyesha kwenye simu dunia inazunguka jua, rangi ya bluu, nzuri kweli. Anasema ile njia inaitwa obiti, na ule mti wa katikati unaitwa mhimili, na kulewa kwake nako kuna jina refu, nimelisahau. Nikamwuliza, "Na kivuli chako leo kiko wapi?" Akaanza kutafuta kwenye simu.

Nikamtoa nje. Saa sita na kidogo. Akatazama miguuni, akajigeuza, akanyanyua mguu mmoja, akanyanyua wa pili. "Bibi, sina kivuli."

"Kula basi," nikamwambia. Nilishapika. Wali wa nazi, maharage, samaki. Tukala tumesimama uani kama wehu, jirani anachungulia juu ya ukuta wake wenye vioo.

Tulipomaliza nikaingia chumbani nikaileta. Mpingo hauozi, kishungi tu kimepungua. Nikafunga uzi, mikono imesahau lakini vidole vinakumbuka, nikafyatua juu ya saruji. Ikavuma. Nasra akachuchumaa, akaiacha simu chini. Ikazunguka, ikachoka, ikaanza kulewa, kichwa kikachora duara lake pole pole, na sie wawili tunaiangalia, halafu ikalala kwa ubavu, imeelekea Bagamoyo. Kaskazini.

Haya, Bi Tausi, nikasema kimoyomoyo. Ni zamu ya upande wako.